Fito Ishirini na Mbili za Barwaqo

Kila alipoingia mahali pageni, kabla ya kuketi na pengine kabla ya kumaliza salamu, Barwaqo alichomoa uzi mmoja kwenye pembe ya shali yake, akaushika kwa vidole viwili mbele ya uso, akautazama. Uzi ukiyumba, alijua upepo unaingilia wapi na akaenda kuketi huko. Uzi ukilala, aligeuka na kutafuta mahali pengine, hata kama wenyeji walikuwa wamekwisha kumwekea kiti kizuri. Alifanya hivyo benki, akafanya hivyo kwenye nyumba za matanga, na safari moja alifanya hivyo ndani ya ndege ya kwenda Wajir, mhudumu akadhani mama mzee ameshindwa kufunga mkanda. Shali zake zote zilikuwa na pembe moja yenye upara.

Kowsar, binti wa kaka yake, aliijua tabia hiyo tangu utotoni. Alimwita edo, neno la Kisomali la shangazi, na Barwaqo, kwa desturi yao, alimrudishia neno lilelile. Likizo za shule Kowsar alipelekwa kwake upande wa Hulugho, karibu na mpaka, ambako Barwaqo na mumewe walifuga ngamia na mbuzi. Huko ndiko alikomwona akijenga. Nyumba ya wafugaji, aqal, ni kazi ya wanawake. Mwanamke huiunda, huifungua, huipakia juu ya ngamia, kisha huiunda tena mahali penye malisho. Ya Barwaqo ilikuwa na fito ishirini na mbili za mgunga zilizopindwa zikawa kama mbavu, na mikeka aliyoisuka mwenyewe. Fito alizihesabu kwa sauti mara mbili, zikifunguliwa na zikipakiwa. Mwaka mmoja aligundua njiani kwamba ameuacha ufito mfupi wa nyuma ya mlango. Mumewe akamwambia atamkatia mwingine.

"Kata," Barwaqo akamjibu, "halafu uufundishe kuijua nyumba yangu."

Akarudi nusu siku kwa miguu kuufuata.

Baadaye ukame ulimaliza ngamia, na maradhi yakamchukua mume. Barwaqo akahamia Garissa, kwenye chumba cha mabati huko Bulla Iftin, akawa anasuka mikeka ya kuuzia watu wanaopenda kuitundika ukutani. Fito zake alikuja nazo. Zililala juu ya boriti za paa, zimefungwa mafungu mawili, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi.

"Nimejenga nyumba zaidi ya mara mia," alimwambia Kowsar siku moja wakinywa chai ya maziwa. "Hakuna hata moja ninayoweza kumwambia mtu, twende tukaione."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akinyoosha mkono kuomba sukari. Kowsar alikuwa mtu wa kukaa na maneno, na hayo alikaa nayo miaka.

Kowsar mwenyewe alisomea Nairobi usanifu wa ndani wa majengo. Alipofika miaka arubaini na miwili alikuwa amepanga ofisi, kliniki na hoteli ambazo hakuwahi kurudi kuziona. Kisha kampuni moja ya bima ya afya ikamwita kupanga tawi lake jipya la kuhudumia wateja mjini Garissa. Tawi la zamani alilijua. Lilikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo, na mteja aliinama kusemea ugonjwa wake kwenye tundu hilo huku foleni nzima ikimsikiliza. Viti vilikuwa vya chuma, na saa nane mchana hakuna aliyevigusa mara mbili. Kiyoyozi kilifanya kazi pale jenereta ilipofanya kazi. Watu walikaa nje chini ya miarobaini na wengi waliondoka bila kuandikishwa, wakisema watarudi wakiugua, wakati ambapo huwa wamechelewa.

Meneja wa tawi, Khalif, kijana wa Garissa aliyekulia Eastleigh, alimpeleka kwenye ukumbi mpya waliokodi. Akamfungulia pia stoo ya nyuma. Humo mlikuwa na vioo vikubwa vimefungwa kwa makaratasi, pamoja na mbao nyeupe za plastiki, vyote vimetoka Nairobi.

"Hivi ndivyo wanavyotumia matawi yote," Khalif akasema. "Nimewaomba wakupe nafasi kwanza, dada yangu. Mkaguzi atakuja kukaa nasi siku mbili za mwanzo. Akiona watu wanakaa ndani na wanajiandikisha, ukumbi ni wako. Akiona vinginevyo, Jumatano mafundi wanaweka vioo."

"Na mwenye nyumba?"

"Amekataa msumari hata mmoja ukutani. Na stima unaijua."

Kowsar akafurahi, maana hayo ndiyo aliyoyataka: ukumbi usiohitaji kiyoyozi, wenye vitu vya hapa, vinavyoweza kutengenezwa na fundi wa hapa vikiharibika. Madawati ya kukalia akayaagiza kwa seremala wa Garissa, ya mti wa mathenge, ule mti mgeni wenye miiba uliovamia malisho yote na kuharibu meno ya mbuzi kwa maganda yake matamu. Mikeka akaiagiza kwa Barwaqo, kumi na minne, ya miyaa ya mikoma iotayo kando ya Mto Tana.

Barwaqo alikuja kuileta mwenyewe. Akasimama katikati ya ukumbi, akachomoa uzi. Uzi ukalala. Akautazama muda mrefu kuliko kawaida, kisha akautupa.

"Na haya?" akauliza, akigonga dawati kwa kifundo cha kidole.

"Mathenge, edo."

"Alhamdulillahi! Alimaliza meno ya mbuzi wangu, sasa amepata adhabu yake. Atakaliwa." Akacheka peke yake. "Mikeka unaiweka wapi?"

"Itasimama kando ya kuta, ipendeze."

"Na watu watakaa vipi?"

Kowsar akamwonyesha mchoro. Madawati yalizunguka ukumbi mzima yakitazamana, kama duara, mlango ukiwa katikati ya macho yote. Chuoni walikuwa wamefundishwa kwamba watu wakiketi hivyo husogeleana mioyo.

Barwaqo aliugeuza mchoro, akaugeuza tena, akamrudishia. "Wewe umesoma," akasema. Akakusanya shali yake na kuondoka.

Kowsar aliyasikia maneno hayo kama sifa.

Jumatatu tawi likafunguliwa. Mkaguzi, mama mmoja mpole wa makao makuu mwenye daftari, alikaa kwenye kona. Wa kwanza kuingia alikuwa Weris, bibi wa Bulla aliyejulikana kwa ulimi wake, akachagua dawati linalotazama mlango. Wenzake wakajaa kushoto na kulia kwake. Kowsar akasimama karibu na meza za huduma, mikono imefumbatana, akiomba dua kimoyomoyo.

Saa tatu akaja Mahat, mfugaji wa miaka hamsini, koti begani na bakora mkononi, amesafiri tangu alfajiri. Akafika mlangoni. Akainua macho. Akaona uso wa Weris. Bakora ikarudi nyuma kabla ya miguu, na Mahat akatoweka kama mtu aliyekosea choo. Weris alikuwa mama mkwe wake. Mtu wa heshima zake, malezi ya zamani, haketi uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kumtangazia karani mbele yake kwamba anasumbuliwa na bawasiri.

Baada yake wakaja wengine, na kila mmoja alikuta ndani mama mkwe wake, au wa ndugu yake, au safu ya wanawake inayomtazama kama baraza la hukumu. Saa nne wanaume kumi na wanane walikuwa wamesimama juani, maana mwarobaini mmoja uliokuwa hapo ulikuwa bado mdogo. Ndani, nusu ya madawati ilikuwa tupu.

Meza za huduma nazo zilikuwa na balaa lake. Karani kijana alisoma fomu kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima: "Mama, wategemezi wangapi? Watoto wangapi?"

"Mungu ndiye ajuaye," mwanamke akajibu.

"Nahitaji namba, mama."

"Namba yao anayo Mungu." Akajifunika vizuri, akainuka. Watoto wake hawakuwa mbuzi wa kuhesabiwa mnadani mbele za macho ya watu, na aliyefuata akasema vivyo hivyo.

Mkaguzi aliandika ukurasa mzima. Ilipofika saa saba alimuuliza Khalif, bila ubaya wowote, "Hawa watu mbona wako nje, na ndani kuna nafasi?" Khalif akamtazama Kowsar. Kowsar akatazama sakafu. Alijua kila kitu. Kaka yake mwenyewe huhama chumba mama mkwe wake akiingia, na mama yake hakuwahi hata siku moja kutaja idadi ya wanawe. Alikuwa ameyaacha hayo yote nyumbani alipokwenda kuchora, kama mtu anavyoacha viatu mlangoni, na hakukumbuka kuyarudia.

Mchana ule akaenda Bulla Iftin. Barwaqo alisikiliza habari hiyo mpaka ilipofika sehemu ya Mahat na bakora. Hapo akacheka hadi akajifuta machozi kwa ile pembe ya shali yenye upara.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema alipopata pumzi, "umejenga nyumba isiyo na upande. Aqal ina upande wa wanawake na upande wa wanaume, kila mmoja anajua mgongo wake uelekee wapi. Wewe umewaweka wote kama mbuzi kisimani."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza bei ya mikeka. Ungeniuliza nyumba, ningekuambia nyumba."

Nje mbuzi wa jirani alikuwa akitafuna boksi. Neno hilo lilimwingia, na alijua litakaa.

"Basi nakuuliza nyumba, edo," akasema hatimaye. "Vioo viko stoo. Kesho ikiwa kama leo, keshokutwa mikeka yako inatupwa."

Barwaqo akatazama juu, kwenye boriti za paa. "Nishushie fito," akasema.

Jumanne, mara baada ya sala ya alfajiri, wanawake sita wa Bulla waliingia ukumbini, Barwaqo mbele. Walibeba fito, mafungu ya kamba, na ngazi ya kuazima. Khalif aliyewafungulia mlango alibaki amesimama na funguo mkononi.

Jambo la kwanza Barwaqo aliagiza madirisha madogo ya juu yafunguliwe. Wapangaji wa zamani walikuwa wameyaziba kwa mbao ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Wakatoa mbao. Akachomoa uzi, akauinua. Uzi ukasogea, kidogo sana, kuelekea mlango wa nyuma. "Na ule mfungue," akasema. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na uzi ukanyooka kabisa, kama kidole kinachoonyesha njia.

Kisha wakajenga. Fito zilisimama katikati ya ukumbi kwa upinde mrefu, zimefungana zenyewe kwa zenyewe, zimekazwa kwenye miguu ya madawati mazito ya mathenge. Hakuna msumari uliogusa ukuta wala sakafu. Mikeka iliyokuwa pambo ikapanda juu ya fito, ikawa ukuta mwepesi unaopitisha upepo na sauti ila hauonyeshi uso. Upande mmoja wanawake, upande wa pili wanaume, kila upande na mlango wake. Nyuma, pale upinde ulipojikunja, Barwaqo aliacha vyumba viwili vidogo vya mkeka.

"Hapa ni pa kusema," akamwambia Kowsar. "Karani aingie akae na mtu wake. Na watoto, ampe karatasi, mama aandike mwenyewe au amwonyeshe kwa vidole. Vijana wenu wanapiga kelele kama wanauza ngamia."

Kowsar hakusimama kando. Alivua saa, akakunja mikono ya nguo, akakaza kamba. Wanawake wakamcheka.

"Hilo fundo ni la Nairobi?" mmoja akauliza.

"La chuo kikuu," akajibu mwingine. "Linafunguka likipata digrii."

Barwaqo akalifungua fundo, akalifunga upya pole pole mbele ya macho yake, mara mbili. La tatu Kowsar alilifunga mwenyewe, likashika.

Saa mbili na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Mkaguzi akaingia, akasimama. Barwaqo, ambaye Kiswahili chake alikipata sokoni, akamkamata mkono na kumvuta hadi kwenye dawati. "Mama, karibu. Keti hapa. Hapa ubebo iko."

Mkaguzi akaketi. Shela ya kichwa chake ikapepea.

Weris akaja, akaelekea upande wake bila kuelekezwa, akasema mtu hatimaye ametumia akili. Mahat akaja baadaye. Alichungulia mlango wa wanaume kwa hadhari ya mtu aliyewahi kuungua, akaona migongo ya wanaume wenzake, akaingia. Akaketi, akalaza bakora, akakohoa.

"Nani anakohoa huko?" sauti ya Weris ikavuka mkeka. "Si mume wa Ruweyda huyo?"

Wanaume wote wakatazama magoti yao.

"Ni mimi, mama," Mahat akasema. "Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Jana ulinikimbia kama fisi."

"Haya ilinishika, mama."

"Haya njema. Binti yangu umemwandikisha, au umejiandikisha wewe na ngamia wako?"

"Ndiyo nimekuja kumwandikisha, mama."

"Andika jina lake kwanza. Lako hata likikosekana, hospitali watakujua kwa kikohozi."

Kicheko kilipasuka pande zote mbili za mkeka. Mkaguzi, ambaye Khalif alimtafsiria neno kwa neno, alifunika mdomo kwa daftari. Mahat alipoitwa aliingia kwenye chumba kidogo na karani, na walinong'ona humo dakika ishirini, na hakuna aliyesikia habari za bawasiri yake. Alipotoka alikuwa na karatasi ya kadi yake na ya Ruweyda.

Adhuhuri mkaguzi akamuuliza Khalif kwa nini leo hawakuwasha jenereta ila jana waliwasha. Khalif akaenda kuangalia. Stima ilikuwa imepotea tangu saa tatu, na hakuna mtu ukumbini aliyegundua.

Vioo vilirudi Nairobi wiki ileile, na karatasi zake.

Tangu siku hiyo Barwaqo alikuwa na desturi nyingine. Kila Alhamisi alivaa vizuri, akajipaka manukato, akaenda ukumbini akaketi upande wa wanawake, ingawa kadi yake alikuwa amekwisha kuipata na hakuwa na shida yoyote. Karani mpya alipomuuliza, "Mama, unahitaji huduma gani?" alimjibu, "Mimi niko kwangu. Wewe ndiye mgeni, umekunywa chai?" Alikaza kamba zilizolegea. Aliwakemea waliotia vidole kwenye mkeka. Na wageni walipofika kwake kutoka Hulugho au Wajir, hata kabla ya chakula, Kowsar alimsikia mwenyewe akisema, huku akitafuta viatu, "Twende tukaione."

Kampuni ikataka ukumbi kama huo Takaba, halafu Buna. Barwaqo hakuwa na nguvu za safari, akawafundisha wanawake wa huko kupitia Kowsar. Kowsar alibeba maswali na kurudi na majibu, na alijifunza kuuliza nyumba kabla ya kuuliza bei. Makao makuu walipomwomba aandike ripoti, ukurasa wa kwanza aliandika jina la aliyebuni: Barwaqo, wa Hulugho. Walimpigia simu kuuliza amesomea chuo gani. Kowsar akawaambia hakusoma chuo, alihama tu mara nyingi.

Mwaka wa tatu figo za Barwaqo zilianza kuchoka. Hospitalini alilazwa kwa kadi yake mwenyewe, na alimwonyesha kila muuguzi kadi hiyo hata wasipouliza. Siku ya kwanza alichomoa uzi juu ya kitanda, uzi ukalala, na wauguzi wawili wakalazimika kumsogeza hadi dirishani.

Wiki ileile Khalif alimletea Kowsar habari. Mwenye nyumba ameuza jengo. Tawi lingehama mwezi ujao, kwenda upande wa pili wa barabara. Kowsar aliibeba habari hiyo siku tatu bila kuisema. Alikaa kando ya kitanda akimenya machungwa, akimtazama yule mwanamke aliyeishi miaka sabini akitaka nyumba moja tu ya kuwaonyesha watu, na akajiona hana mdomo wa kumwambia kwamba hata hiyo inafunguliwa.

Siku ya nne, alasiri, akamwambia. Barwaqo alifumba macho. Kowsar akadhani ameumia.

"Wanaiacha?" Barwaqo akauliza.

"La, edo. Meneja amekataa katakata. Wanaibeba yote. Fito, mikeka, madawati. Wanawake walewale wa Bulla wataifungua na kuiunda."

Macho yakafumbuka. Kwenye uso ule uliokonda kukaja kitu ambacho Kowsar hakukiona tangu Hulugho, asubuhi za kuhama, ngamia wamepigishwa magoti na Barwaqo amejifunga shali kiunoni. Alijaribu kuinuka. Kowsar akamwekea mto mgongoni. Upepo wa dirishani ulikuwa ukiichezea pembe ya shali, ile isiyo na nyuzi, naye akaishika isimsumbue.

"Uhesabu mwenyewe, edo, usimwachie kijana," akasema. "Ni ishirini na mbili. Na ule mfupi wa nyuma ya mlango, uushike mkononi, usiupakie. Ndio huwa unasahaulika."